Simu ya Bi Pelkonen

Linnea Torvik hakuwa na siku tupu. Jumatatu alipiga fidla katika okestra ya shule kabla masomo hayajaanza. Jumanne na Alhamisi alikimbia mbio za nyika na wenzake kwenye vijia vya juu ya mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ziwa likionekana chini kama bati jipya. Jumatano ilikuwa zamu ya mdahalo. Ijumaa aliuza keki kuchangia chama cha mazingira, ingawa ungemuuliza chama hicho kimefanya nini hasa, asingekuwa na jibu. Jioni alirudi na basi, akala alichoachiwa na mama yake jikoni, akafungua vitabu.

"We Linnea, hata kulala umejiandikisha?" rafiki yake Junia Thao alimtania siku moja kwenye foleni ya chakula. "Maana hakuna chama usichokuwa mwanachama wake."

"Cheka tu. Chuo ninachokitaka mimi wanaomba watu ishirini, anaingia mmoja. Alama nzuri kila mtu anazo. Wanaangalia unafanya nini ukitoka darasani."

"Na wewe unafanya nini?"

"Kila kitu!"

"Mh. Haya, Bibi Kila Kitu, sogea, foleni inakwenda."

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa klabu aliyoianzisha mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mitano. Aliiita Sauti Jirani. Kila mwanachama alipewa mzee mmoja anayeishi peke yake, akawa anampigia simu kila Jumapili kumjulia hali. Mwanzoni walijaa darasa zima. Baridi ilipokolea wakapungua, na mwaka ulipogeuka akabaki Linnea peke yake.

Mzee wake aliitwa Bi Aune Pelkonen, mjane wa miaka zaidi ya themanini, mtoto wa wahamiaji wa Kifini waliokuja kuchimba chuma. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Saa kumi kamili ya Jumapili Linnea alipopiga, ajuza hakusema "halo." Alisema, "Haya, mtoto, nani kakuudhi wiki hii?" Kisha alisikiliza. Akitafuta miwani yake alikuwa akivumisha wimbo mmoja wa kwao, wa kubembelezea watoto, unaopanda kidogo halafu unashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nyuma yake kila mara ilisikika saa ya ukutani. Ti. Ti. Ti.

Jumapili moja ya Juni simu iliita, haikupokelewa. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Iliyofuata, Linnea alikuwa kambini na wenzake wa mbio, akasahau. Baada ya hapo akaona haya kupiga. Huenda amehamia kwa jamaa zake, alijiambia. Huenda pia... Wazo hilo hakulimalizia.

Oktoba ikafika, na pamoja nayo insha ya kuombea chuo. Linnea aliandika juu ya Bi Pelkonen, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa chake kweli. Aliandika vizuri. Lakini insha haikuwa na mwisho. Ingewezaje kuwa nao? Yeye mwenyewe hakujua mwisho wake. Alikaa mbele ya kompyuta, nje upepo ukifagia majani, mpaka vidole vikaanza kuandika vyenyewe: *Bi Pelkonen alifariki mwezi Agosti. Nilikuwa pembeni ya kitanda chake. Nilimshika mkono mpaka ukapoa.*

Aliposoma alichoandika alilia. Mama yake, Gwen, aliyekuwa mpokeaji wagonjwa kwa daktari wa meno, aliposoma naye akalia.

"Mwanangu, hukuniambia! Ulibeba yote haya peke yako?"

"Sikutaka kukusumbua, Mama," Linnea alisema. Akashangaa jinsi uongo huo ulivyotoka kirahisi.

Akamsomea na Junia insha ile, kisha akaituma. Na kwa kuwa alikwisha kulia kwa ajili yake, kifo kile kikaanza kuonekana cha kweli hata kwake. Alikumbuka mkono ulivyokuwa. Alikumbuka shuka.

Jumapili iliyofuata ukungu ulipanda kutoka ziwani ukameza mtaa. Honi ya bandarini ililia kila baada ya muda, nzito, kama ng'ombe aliyepotea. Majirani walikwisha kupamba nyumba kwa ajili ya Halowini, sikukuu ya mizuka: maboga yaliyochongwa macho, mafuvu ya plastiki kwenye vichaka, na kwenye kibaraza cha nyumba ya pili, kikaragosi cha kizee kilichokalishwa kwenye kiti cha kubembea. Upepo ulikibembeza polepole. Linnea alikuwa dirishani akifanya hesabu simu yake ilipolia.

Jina kwenye kioo lilikuwa Bi Pelkonen.

Kalamu ilimtoka mkononi. Saa ilikuwa kumi kamili. Simu iliita, ikaita, na kidole chake, bila yeye kukiamuru, kikaipokea.

"Ha... halo?"

Kimya. Halafu pumzi, ya mtu aliye karibu sana na simu. Ikaingia, ikatoka. Na nyuma ya pumzi: ti, ti, ti.

"Nani? Nani anaongea?"

Pumzi ikaongeza kasi kidogo, kama aliyetaka kusema akazuiwa. Linnea akakata, akaitupa simu kitandani. Nje kile kizee cha plastiki kilikuwa kimegeuziwa uso na upepo, kinatazama kwao.

Wiki nzima hakulala vizuri. Kwenye mbio alisikia hatua za mtu nyuma yake; akigeuka, njia nyeupe kwa ukungu, hakuna mtu. Kwenye okestra mwalimu alimrudisha mara kadhaa: "Linnea, uko wapi leo?" Mwishowe alimvuta Junia kando ya makabati.

"Junia, namba ya Bi Pelkonen imenipigia. Hakuna maneno, pumzi tu."

"Yule aliyefariki?" Junia alishtuka, halafu akatafakari. "Si itakuwa ndugu yake? Labda anapitia majina kwenye simu ya marehemu anawaarifu watu. Mpigie."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Si ulikuwepo alipofariki? Jamaa zake wanakujua."

Linnea aligeukia kabati lake. Angesema nini? Ili aeleze anachokiogopa, ilimbidi kwanza aeleze alichokifanya. "Acha tu," alisema. "Labda ni mtandao."

"Mtandao hauna pumzi, shoga yangu," Junia alisema, na mwenyewe akasisimka mikono.

Jumapili ya pili aliiweka simu kwenye droo, chini ya soksi, akaifunga. Saa kumi droo ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alipoona mama yake atakuja kuuliza, aliifungua akaiweka simu sikioni, akaziba mdomo kwa kiganja.

Pumzi. Saa ya ukutani. Halafu, polepole, kwa sauti isiyo na neno hata moja, wimbo. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukashuka.

Hakukata. Hakuweza. Alisimama pale mpaka wimbo ukaisha na simu ikakatwa upande wa pili kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Jumapili ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama yake alitoka jikoni na shada la maua ya manjano.

"Vaa koti, twende."

"Wapi?"

"Kwa Bi Pelkonen. Nimewaza wiki nzima. Mtu kakufanyia wema wote ule, na sisi hata ua hatujampelekea. Amezikwa wapi?"

Linnea aliliendea koti polepole. "Sina... sina hakika, Mama. Nadhani kule juu. Nyuma ya kanisa la Wafini." Alilitaja tu, kwa sababu alikumbuka Bi Pelkonen akisema mume wake amelala huko. Alitarajia watazunguka, wasione kitu, warudi.

Makaburini ukungu ulikuwa chini, unafika magotini, na mawe yalichomoza juu yake kama watu waliokaa majini. Hapakuwa na mtu mwingine. Gwen alikwenda safu moja, Linnea nyingine. Majina yalikuwa marefu na mageni, yamejaa irabu. Honi ya bandarini ililia huko chini.

"Linnea," mama yake akaita kwa sauti ya chini. "Hili hapa."

Lilikuwa jiwe la kijivu, pana, la watu wawili. Upande wa kushoto liliandikwa ARVO PELKONEN, na miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Upande wa kulia liliandikwa AUNE, mwaka wa kuzaliwa, kistari kifupi. Baada ya kistari jiwe lilikuwa laini, tupu.

"Maskini, bado hawajamchongea mwaka," Gwen alisema. Akainama kuweka maua.

Linnea aliitazama ile sehemu laini. Alihisi kana kwamba inamsubiri, kana kwamba mtu kamwachia nafasi aandike yeye, kwa kuwa yeye ndiye alikwisha kuandika. Ndipo simu ikalia mfukoni.

Mama yake aliinuka. "Hupokei?"

Alipokea. Hakukuwa na wimbo safari hii. Saa ya ukutani ilisikika, lakini kwa mbali, kama iko juu sana. Kitu kiliburutwa. Halafu pumzi, fupi fupi, na katikati ya pumzi sauti yenye mikwaruzo ikijaribu kitu, ikishindwa, ikijaribu tena.

"Li... Li... Li..."

Linnea akaanguka magotini kwenye nyasi zilizolowa. "Mama!" alipiga kelele. "Mama, hajafa! Hajafa, mimi ndiye niliyemuua! Sijui kama alikufa, sikuwahi kujua, niliandika tu, nilitaka insha iwe nzuri... na sasa ananiita, msikilize, ananiita!"

Gwen aliichukua simu, akasikiliza. Uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza kwa kile alichoambiwa na mwanawe, kisha kwa kile alichokisikia. Cha pili alikiona cha haraka zaidi.

"Huyu mtu yuko sakafuni," alisema. "Unapajua kwake?"

"Nilikwenda Krismasi, kupeleka biskuti."

"Ingia garini. Simu usiikate. Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unakuja!"

Njia nzima Linnea aliongea. "Bi Pelkonen, ni mimi, Linnea. Tunakuja. Tumefika kwenye reli. Tunapanda mlima. Usilale, tafadhali usilale." Gwen alishika usukani kwa mkono mmoja, mwingine akapiga simu ya dharura kwa simu yake.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, mapazia yamefungwa. Waligonga, hakuna aliyejibu. Walizunguka nyuma. Kwa kupitia kioo cha mlango wa jikoni Linnea aliona mguu mmoja wenye soksi ya sufu, umelala kwenye vigae, hausogei. Gwen aliokota chungu cha maua, akavunja kioo, akaingiza mkono na kufungua komeo.

Bi Pelkonen alikuwa amelala ubavu kati ya meza na jiko. Waya wa simu ya ukutani ulikuwa umevutwa hadi mwisho, na mkono wa simu ulikuwa shavuni pake. Kwenye ule mkono wa simu kulikuwa na vitufe vya namba za haraka, vyote vitupu isipokuwa viwili, vilivyobandikwa vikaratasi: kimoja *Daktari*, kingine *Linnea*. Macho yake yalikuwa wazi. Alipomwona msichana amepiga magoti mbele yake, upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. Upande mwingine haukusogea.

Linnea alimshika mkono. Ulikuwa baridi sana, lakini ulimbana.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipokuwa wakimfunika, jirani mmoja, mwanamume mwenye kofia ya sufu, alikuja mbio na viatu vya ndani.

"Kaanguka? Ole wangu! Kiharusi kilimpata Juni, wakamweka hospitali kiangazi kizima. Karudi majuzi tu. Anaelewa kila kitu, lakini maneno yamemtoroka. Asubuhi kuna binti anakuja kumhudumia, ila Jumapili haji." Akamgeukia Gwen. "Tena kila Jumapili namwona hapo dirishani, simu sikioni. Nikawa najiuliza, huyu anaongea na nani, na maneno hana?"

Linnea alitazama chini.

Hospitalini daktari aliwaambia nyonga imevunjika, lakini atapona. Aliongeza kwamba angeendelea kulala kwenye vigae vile vya baridi mpaka binti wa asubuhi afike, wasingemkuta na pumzi. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Gwen alipunguza mwendo.

"Nimelia kwa ajili ya kifo ambacho hakikutokea," alisema. "Hilo litanichukua muda kulisahau, Linnea. Sitakudanganya."

"Najua, Mama."

"Kesho unakwenda kwa Bwana Okerlund. Mimi siendi. Utamwambia wewe."

Bwana Okerlund alikuwa mshauri wa wanafunzi, mrefu, mpole, mwenye ofisi iliyojaa bendera za vyuo. Linnea alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kwa sababu alihisi hastahili kukaa. Mzee wa watu alivua miwani.

"Na ile klabu? Uliandika bado ipo?"

"Niliandika ipo, ina wanachama wengi."

"Ina wangapi?"

"Hakuna. Hata mimi niliacha." Machozi yalimlenga. "Mwalimu, nikinyamaza, watajua? Hakuna atakayekwenda kuangalia."

"Pengine hawatajua," Bwana Okerlund alisema. "Nakwambia ukweli, kwa kuwa tumechoka wote kuambiana mengine. Wanasoma maombi elfu kwa elfu. Mambo ya nje ya darasa wanayaangalia, na insha kama yako ingeweza kukufungulia mlango. Kisha ungekwenda huko, na kila atakayekusifu angekuwa anamsifu msichana aliyemshika mkono marehemu. Ungeishi naye miaka minne, chumba kimoja. Ungeweza?"

Linnea alizikumbuka zile wiki tatu. Alitikisa kichwa.

"Basi kaa. Tunawapigia. Utaongea wewe."

Aliongea. Mwanamke wa upande wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa sauti isiyo na joto wala baridi, akamwambia aandike yote hayo ayatume. Aliandika siku ileile. Desemba, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha, jibu lilikuja. Chuo kilimkataa.

Alilia jioni moja, na mama yake akampikia supu asiyoinywa. Asubuhi alikwenda kumwambia Bwana Okerlund. Junia alikuwa ameketi hapo akijaza maombi yake mwenyewe, akataka kuondoka, Linnea akamwambia abaki. Junia alikwisha kujua kila kitu. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akamsogezea nusu ya mkate wake, yakaisha.

"Ni kwa sababu nilisema ukweli, Mwalimu?"

"Sijui. Hawasemi. Hata ungekuwa msafi kama theluji hii, kumi na tisa kati ya ishirini wanarudishwa." Alitazama bendera zake kama mtu anayefikiria kuzishusha. "Lakini ninyi wawili nisikilizeni, maana kwenye mkutano wa mwaka jana kuhusu vyuo niliwaambia nusu tu. Niliwaambia vyuo vinataka kuona mnafanya nini baada ya masomo, mkaondoka mbio kutafuta vitu vya kufanya. Nusu niliyoisahau ni hii: kabla hujajiunga na kitu chochote, jiulize, nikiacha kesho, nani atapungukiwa? Kama hakuna, unapoteza jioni zako bure. Kama yupo, basi huyo hajui kama wewe unatafuta chuo. Yeye anakutegemea. Ukimwacha bila kumwambia, umemuumiza, na ukimtumia kupandia, umemuumiza mara mbili. Fanya machache, yafanye kweli, na uyaseme kama yalivyo. Chuo kitakachokuchukua kwa hayo kitakuwa kimekuchukua wewe."

Linnea aliacha mdahalo na keki. Fidla alibaki nayo kwa sababu aliipenda. Alipeleka maombi kwenye chuo kikuu cha jimbo, kilichokuwa mlimani pale pale mjini, akaandika kwamba alianzisha klabu ikamfia mikononi kwa uzembe wake, na kwamba sasa anaifufua yeye na rafiki yake mmoja. Hakuandika zaidi ya hapo. Machi walimkubali.

Bi Pelkonen alikuwa bado kwenye kituo cha mazoezi ya tiba. Mtaalamu wa usemi, kijana mcheshi aitwaye Renaldo, alimfundisha Linnea namna ya kumsaidia: kumwonyesha kitu, kungoja, kutomalizia neno lake hata likichelewa vipi. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Jumatano baada ya Jumatano ajuza alihangaika na *kijiko*, na *dirisha*, na *mvua*, akitoa vipande vipande, akikasirika, akipiga meza kwa mkono mzima. Linnea alikaa, akangoja.

Jumatano moja ya Aprili basi lilikwama njiani, na Linnea akaingia mbio, koti wazi, nywele zimelowa. Bi Pelkonen alikuwa amekaa na kadi zake zimepangwa mezani, amekunja uso. Alimtazama kuanzia viatu hadi utosini. Midomo yake ikaanza kazi. Renaldo alitaka kusema kitu, Linnea akamwashiria anyamaze.

"U-me..." alisema ajuza. Akavuta pumzi. "Ume-che-le-wa."

Lilikuwa neno zima. Renaldo akapiga makofi. Bi Pelkonen hakumjali. Alikuwa akimkazia macho Linnea, akisubiri maelezo.

"Basi liliharibika, Bi Pelkonen. Samahani. Haki ya Mungu, ni kweli."

Ajuza alimpima kidogo. Kisha akamsogezea kiti kwa mguu.